Kujaza Pengo la Mfupa na Kulilinda ni Kazi Moja

(Hii ni hotuba nzima niliyoitoa mbele ya madaktari, wauguzi, wahandisi na wanafunzi wa kemia. Wengi waliokosa kufika wameiomba, kwa hiyo naiweka hapa kama ilivyosemwa, bila picha zilizoonyeshwa ukutani.)

Mwenyekiti wa mkutano, walimu wangu, wauguzi ambao ndio mnaokesha na mgonjwa, ndugu wahandisi, na nyinyi vijana mliojaza viti vya nyuma: nawasalimu wote.

Nimeombwa nizungumzie vitu tunavyoviweka ndani ya mfupa ulioharibika. Kwa muda mrefu kazi hiyo tumeigawa mafungu mawili. Kuna watu wa kujaza pengo, ambao ni wahandisi na wapasuaji. Na kuna watu wa kuua bakteria, ambao ni wafamasia na wataalamu wa maambukizi. Kila upande una mikutano yake, majarida yake na vipimo vyake. Nimekuja kusema kwamba mgawanyo huo unawaumiza wagonjwa. Ukijaza pengo bila kulilinda, umewaandalia bakteria makao. Ukililinda bila kuusaidia mfupa kuota, pengo lipo palepale na mguu bado hausimami.

Tujiulize kwanza: kwa nini mfupa? Nimonia mara nyingi huisha kwa dawa za siku chache. Kwa nini basi muundi ulioingia usaha unaweza kumtesa mtu miaka na miaka, leo amepona, kesho tundu limefunguka tena na bandeji imeloa?

Mwaka 1957, watafiti Elek na Conen walifanya jaribio ambalo sidhani kamati ya maadili ya leo ingelipitisha. Waliwachoma watu waliojitolea sindano yenye bakteria aina ya Staphylococcus kwenye ngozi, wakitaka kujua ni wangapi wanatosha kuleta usaha. Katika ngozi tupu ilibidi wawe mamilioni. Kisha wakapitisha kwenye ngozi uzi wa hariri, uzi uleule wa kushonea majeraha, wakarudia. Safari hii bakteria 100 hivi walitosha.

Mamilioni kwa upande mmoja, 100 kwa upande wa pili! Ni nini kilichobadilika? Ngozi ni ya binadamu yuleyule. Bakteria ni walewale. Kilichoongezeka ni uzi tu. Sasa nyinyi mnaofunga bamba la chuma kwenye paja, mnaopigilia msumari ndani ya muundi, mnaojaza chembe za kauri mahali uvimbe ulipotolewa, jiulizeni mnaingiza nyuzi ngapi za hariri kwa mpigo.

Kitu kigeni kikiingia mwilini, protini za damu hukifunika papo hapo, na juu ya protini hizo yeyote anaweza kukaa. Mpasuaji Anthony Gristina aliliandika jambo hili mwaka 1987 katika jarida la Science, akaliita mbio za kuwania uso wa kifaa. Seli za mwili zinakimbia, bakteria nao wanakimbia. Seli zikitangulia, zinafunika uso wote na bakteria hawana pa kushika. Bakteria wakitangulia, wanajigandisha, wanatoa ute, wanajenga utando mzito, na ndani ya utando huo dawa inayowaua kirahisi kwenye chupa ya maabara inahitajika kwa kiwango kikubwa mara mia na zaidi. Kiwango hicho mgonjwa hawezi kukimeza. Figo zake hazitastahimili.

Naomba tuyashike haya kabla ya kuendelea, maana kila nitakachosema baadaye kinatoka hapa. Kifaa chochote kinachopandikizwa kinaingia katika mbio. Hakuna kifaa kinachokaa pembeni kikitazama. Kama hakizisaidii seli za mwili, kinawasaidia bakteria.

Na mfupa wenyewe una siri zake. Usaha ukijaa ndani yake, shinikizo linabana mishipa ya damu, na kipande cha mfupa kinakufa. Kipande kilichokufa hakina damu, na pasipo damu hakuna antibayotiki inayofika, wala chembe nyeupe za damu. Tena kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 2017 watafiti wa Rochester, Marekani, walionyesha kwa hadubini ya elektroni jinsi Staphylococcus aureus anavyojipenyeza katika vijia vyembamba vinavyounganisha seli ndani ya mfupa mgumu. Bakteria huyo ni mviringo wenye kipenyo cha karibu maikromita moja. Vijia hivyo vina upana usiofika nusu ya maikromita. Anajibana, anabadilisha umbo, anaingia, na akiwa humo anaendelea kugawanyika. Chembe nyeupe ya damu ni kubwa mno, haiwezi kumfuata.

Muuguzi aliyewahi kufunga kidonda kikakauka, akampongeza mgonjwa, kisha akampokea tena baada ya miaka kidonda kikiwa palepale, sasa anajua adui alikuwa amejificha wapi. Mgonjwa yule hakuwa mchafu wala mzembe. Naliomba hilo lisemwe kwa sauti mawodini, kwa sababu wengi wao wanalaumiwa.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo.

Mwaka 1890, mjini Berlin, mpasuaji Themistocles Gluck alitengeneza viungo vya pembe za ndovu na kuwapandikiza wagonjwa ambao magoti yao yalikuwa yameliwa na kifua kikuu cha mifupa. Ufundi wake ulikuwa wa hali ya juu. Lakini maambukizi yaliyokuwamo kwenye viungo vile yaliamka, na kazi ikaharibika. Aliujaza mfupa, hakuulinda.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1892, mjini Bonn, daktari Dreesmann alikuwa na wagonjwa wa aina hiyohiyo, mifupa yenye mashimo ya usaha. Yeye alichukua jasi, ile ya kutengenezea plasta, akaichanganya na maji yenye asidi ya kaboliki asilimia 5, akayajaza mashimo. Asidi ya kaboliki ndiyo iliyokuwa dawa ya kuua vijidudu katika vyumba vya upasuaji vya enzi ile. Jasi iliyeyuka taratibu, na katika wagonjwa kadhaa pengo likajaa.

Mnaona alichokifanya? Zaidi ya miaka 130 iliyopita, kabla ya penisilini, mtu huyu alikuwa na kitu kimoja kinachojaza, kinachoua na kinachoondoka chenyewe. Wazo zima lilikuwa mezani. Kilichokosekana ni kemia bora, maana asidi ya kaboliki inaua pia seli za mgonjwa.

Halafu zikaja antibayotiki, tukalegea. Nasema tukalegea kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Dawa zilikuwa na nguvu mno hata ikaonekana haina haja ya kuhangaika na kitu kinachopandikizwa. Mwaka 1970, huko Hamburg, Buchholz na Engelbrecht waliandika kuhusu kuchanganya antibayotiki ya gentamaisini na simenti ya mfupa, ile ya plastiki inayoshikilia nyonga bandia. Haukupita muda mrefu, zikatengenezwa shanga za simenti hiyo zilizotungwa kwenye waya, zinazowekwa ndani ya tundu la usaha na kumwaga dawa palepale. Zimeokoa miguu mingi sana. Sitaki mtu atoke hapa akisema nimezibeza.

Lakini sikilizeni kisa hiki cha mwaka 2003 kutoka kwa watafiti wa Groningen, Uholanzi. Walichunguza shanga zilizotolewa kwa mgonjwa aliyekaa nazo miaka 5. Walipozipima, zilikuwa bado zinatoa gentamaisini kidogo kidogo. Na juu ya shanga hizohizo walikuta Staphylococcus anaishi, mwenye usugu kwa gentamaisini.

Miaka 5! Simenti haiyeyuki, ndiyo maana shanga zinapaswa kutolewa kwa upasuaji wa pili. Siku za kwanza dawa inamwagika kwa wingi na kuua sawasawa. Baadaye inabaki kuchuruzika kwa kiasi kisichoua bali kinachofundisha. Na ikishakwisha kabisa, kinachobaki ni uso wa plastiki usio na ulinzi, uzi wa hariri wa Elek na Conen, mkubwa zaidi. Tunafahamu pia hali ya dunia: kwa mwaka 2019 pekee ilikadiriwa kuwa watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu. Je, kweli tunataka kuendelea kuacha mashule ya usugu ndani ya mifupa ya watu?

Hapa ndipo kinapoingia kitu ambacho, kwa maoni yangu, ni miongoni mwa uvumbuzi mzuri kabisa wa karne iliyopita: kioo kinachoungana na mfupa, kinachoitwa bayoglasi.

Mwaka 1967, Larry Hench, mwalimu wa kauri na vioo katika Chuo Kikuu cha Florida, alikuwa ndani ya basi akielekea kwenye mkutano wa jeshi kuhusu malighafi, huko Sagamore, jimbo la New York. Utafiti wake wakati huo ulihusu vitu vinavyostahimili mionzi mikali. Pembeni yake alikaa kanali aliyetoka Vietnam, aliyeona askari wengi wakikatwa viungo kwa sababu miili ilikataa vyuma na plastiki za wakati ule. Kanali akamuuliza: kama mnaweza kutengeneza kitu kikastahimili mionzi, je, hamwezi kutengeneza kitu kikastahimili mwili wa binadamu?

Hench hakujibu kwa kutafuta kitu kigumu zaidi. Aliligeuza swali. Alijiuliza, je, kama kitu hicho kitaruhusu mwili ukibadilishe? Mfupa una madini ya kalsiamu na fosfeti. Kama uso wa kifaa ungeotesha wenyewe madini hayo, mwili ungekuwa na sababu gani ya kukitenga?

Mwaka 1969 alikuwa na mchanganyiko wake: silika asilimia 45, oksidi ya sodiamu 24.5, oksidi ya kalsiamu 24.5, na oksidi ya fosforasi 6. Kioo cha dirisha kina silika zaidi ya asilimia 70, ndiyo maana mvua hainyeshi kikayeyuka. Hiki cha Hench alikipunguzia silika makusudi ili kisitulie kwenye majimaji. Mpasuaji mwenzake, Ted Greenlee, alivipandikiza vipande vidogo kwenye mapaja ya panya. Baada ya wiki 6 akampigia simu kumweleza kwamba vipande havitoki. Alivisukuma, alivigonga, havikutikisika. Mfupa ulikuwa umevishika.

Ndugu zangu, hebu tukae kidogo juu ya chembe moja ya bayoglasi hiyo, maana utamu wote uko hapo. Inapolowa tu, sodiamu inaanza kutoka kwenye uso wake, na hidrojeni ya maji inaingia mahali pake. Maji yanayoizunguka yanakuwa ya alikali, yaani pH, kipimo cha asidi na alikali, inapanda. Uso wa kioo unalainika, unakuwa tabaka la jeli ya silika. Juu ya jeli hiyo kalsiamu na fosfeti zinajikusanya, kwanza bila mpangilio, kisha zinajipanga na kuwa fuwele za apatiti yenye kaboneti, ambazo ni karibu sawa na madini ya mfupa wenyewe. Nyuzi za kolajeni, protini ya mfupa, zinanaswa humo. Seli zinazojenga mfupa zinafika, zinakuta uso zinaoufahamu, zinaanza kazi. Zaidi ya hapo, mwaka 2001, Hench na wenzake, wakati huo yeye akiwa Imperial College London, walionyesha kwamba kalsiamu na silika zinazoyeyuka kutoka kwenye kioo zinaamsha jeni za seli hizo. Kwa hiyo kioo hakingoji tu mfupa uje. Kinauita.

Na bakteria je? Wao ndio wanaopata shida. pH imepanda kupita wanavyopenda, chumvi zimejaa, shinikizo la osmosi limeongezeka, maji yanawatoka. Mazingira yaleyale yanayoanzisha ujenzi wa mfupa ndiyo yanayowafukuza. Hakuna dawa iliyoongezwa. Hakuna antibayotiki hata chembe.

Nani aliyeligeuza jambo hili kuwa tiba ya usaha wa mifupa? Ni Wafini. Katika mji wa Turku, Ufini, walitengeneza kioo cha jamii hiyohiyo kinachoitwa S53P4, na jina lake linatokana na mapishi yake: silika asilimia 53, oksidi ya sodiamu 23, oksidi ya kalsiamu 20, oksidi ya fosforasi 4. Mwanzoni walikitumia kuziba uwazi wa mfupa wa paji la uso na mashimo yanayoachwa na uvimbe wa mifupa. Maabara zikakipambanisha na bakteria wa aina nyingi waliotoka kwa wagonjwa, wakiwemo wale sugu kwa antibayotiki ya methisilini, na kikawadhoofisha au kuwaua. Mwaka 2017 ikachapishwa taarifa ya wagonjwa 116 kutoka nchi mbalimbali, wote wana maambukizi ya mfupa ya muda mrefu, wengi wao ya muundi. Maambukizi yalidhibitiwa kwa asilimia 90 kati yao, na wengi walipasuliwa mara moja tu. Wagonjwa hao hawakulinganishwa na kundi lililotibiwa kwa njia nyingine, na walipewa pia antibayotiki za kawaida, kwa hiyo tusikimbilie kusema kioo kimeshinda kila kitu. Hata hivyo, upasuaji mmoja badala ya miwili, kwa mtu aliyekwisha kupasuliwa mara nyingi, si jambo dogo hata kidogo.

Sasa niwapeleke chumba cha upasuaji, maana hapa ndipo wengi wanapokosea matumaini yao. Mfupa uliokufa umepauka, una rangi ya pembe, na patasi ikiugusa hautoi damu. Mpasuaji anachonga kidogo, anamwaga maji, anatazama. Anachonga tena, anamwaga maji, anatazama. Anachokitafuta ni vitone vyekundu, vidogo sana, vinavyochomoza kwenye uso wa mfupa. Vikianza kuchomoza pande zote za tundu, amefika kwenye mfupa ulio hai. Ndipo chembe za kioo, zenye ukubwa wa milimita moja hadi tatu, zinamiminwa. Zinaingia na sauti kama ya mchanga, zinalowa damu, zinashikana na kuwa rojo zito, zinasukumwa taratibu mpaka kwenye kona. Kisha juu yake lazima kuwe na nyama yenye damu na ngozi ya kufunika.

Mpasuaji akiacha mfupa mfu nyuma, hakuna kioo duniani kitakachomsaidia. Narudia, kwa ajili ya wanaotengeneza na kwa ajili ya wanaouza: hakuna. Na kioo ni kitu chepesi kuvunjika. Hakibebi uzito wa mtu. Muundi wenye pengo refu utahitaji fremu ya nje au chuma kingine cha kuushikilia mpaka mfupa ukomae, na mgonjwa aelezwe hivyo tangu siku ya kwanza.

Niseme haraka kuhusu njia nyingine zinazofukuziwa katika maabara, kwa sababu najua vijana mna hamu nazo.

Fedha, ile metali ya mapambo, ndiyo inayotajwa kila mara. Ayoni zake, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, zinashika protini za bakteria, zinaharibu ukuta wao, na kiasi kidogo kinatosha. Naipenda kwa tahadhari. Ikizidi inaua seli za mfupa pia, na si kweli kwamba bakteria hawaizoei: mwaka 1975 waliripotiwa kutoka Marekani bakteria wa Salmonella sugu kwa nitrati ya fedha katika wodi ya walioungua moto, na wagonjwa walikufa. Shaba na zinki zina faida ya ziada, kwani mwili wenyewe unazihitaji, na shaba inachochea mishipa mipya ya damu kuota. Mishipa hiyo ndiyo njia ya dawa na ya chembe nyeupe. Kitosani, inayotokana na maganda ya kamba na kaa, inafaa kubeba vitu hivi na ina uwezo wake mdogo dhidi ya bakteria.

Ila kuna moja ambayo ningependa ijulikane zaidi, nayo ni metali iitwayo gali. Bakteria hawezi kuishi bila madini ya chuma. Anayatafuta kwa nguvu zote, na ana protini maalumu za kuyanyakua. Ayoni ya gali inafanana na ya chuma kwa ukubwa na kwa chaji, kwa hiyo bakteria anaipokea kwa mikono miwili. Kumbe haiwezi kufanya kazi ambayo chuma kinafanya, na mitambo yake inasimama. Upande wa pili, gali inazituliza seli zinazobomoa mfupa, hata ikawahi kutumika hospitalini kupunguza kalsiamu iliyozidi kwenye damu ya wagonjwa wa saratani. Ayoni moja inawanyima bakteria chakula na inauhifadhi mfupa. Ikiyeyushwa ndani ya bayoglasi, inatoka taratibu kadiri kioo kinavyoyeyuka. Ninyi mnaotafuta mada ya utafiti, mnangoja nini?

Wapo pia waliomwendea mdudu. Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Swinburne, Melbourne, walieleza kwamba bawa la nyenje wa Australia linaua bakteria bila kemikali yoyote. Juu yake limejaa vinguzo virefu kiasi cha nanomita 200. Bakteria aina ya Pseudomonas akitua hapo, ngozi yake inavutwa kati ya vinguzo mpaka inapasuka, ndani ya dakika chache. Tangu hapo watu wamechonga vinguzo kama hivyo kwenye metali ya titani. Ni kazi nzuri mno kuitazama. Lakini Staphylococcus aureus ana ukuta mnene na mgumu, anastahimili kuliko Pseudomonas, na yeye ndiye mkosaji mkuu katika mifupa. Kwa hiyo vinguzo peke yake havitoshi. Vikifunikwa na bayoglasi au kupakwa ayoni, hapo naanza kusikiliza.

Nimalizie kwa wale wa maabara, maana nina ombi kwao na ni zito.

Kila wiki zinachapishwa kazi zinazosema kitu fulani kinaua bakteria na hakidhuru seli. Ukisoma ndani, bakteria waliwekwa kwenye chombo kimoja, seli kwenye chombo kingine, kila moja na siku yake. Mbio za Gristina ziko wapi hapo? Wakimbiaji hawakukutana! Wawekeni pamoja kwenye uso mmoja, kwa wakati mmoja, kisha mtuambie nani alishinda. Na msituletee bakteria wachanga wanaoelea, waliooteshwa jana usiku. Mpasuaji hakutani na hao. Leteni utando uliokomaa, leteni bakteria waliokwisha kuingia ndani ya seli na ndani ya vijia vya mfupa.

Tazameni na majimaji yenu. Kwenye kikombe kidogo kilichofungwa, pH ya bayoglasi inapanda kupita kiasi, inaua kila kitu, na grafu inapendeza. Ndani ya mwili damu inapita, inasawazisha, inaondoa. Pimeni katika majimaji yanayotembea. Mkifika kwa wanyama, msipandikize kwenye mfupa safi ambao haujawahi kuona usaha halafu mkaandika neno la maambukizi kwenye kichwa cha makala. Uambukizeni kwanza, usafisheni kama mpasuaji anavyousafisha, ndipo mjaze. Na mkimaliza, msitosheke na picha ya eksirei inayoonyesha mfupa mweupe. Usageni mfupa ule, muoteshe bakteria waliomo, mhesabu kama kuna aliyebaki hai. Wekeni pia kundi moja lisubiri mpaka kioo kiyeyuke chote, kwa sababu swali la Groningen ndilo litakalotuhukumu: kazi ya kuua ikishakwisha, kimebaki nini mahali pale, na nani amekikalia?

Wapasuaji nanyi, msiwaache vijana hawa peke yao. Wapeni vipande vya mfupa mnavyovitoa, kwa ridhaa ya wagonjwa. Waiteni waje wasimame nyuma yenu siku mnapochonga mkitafuta vitone vya damu. Mhandisi aliyeona tundu lile kwa macho yake hawezi tena kubuni kitu cha kujaza tu.

Mwenyekiti, naona mikono imeshainuka kule nyuma. Nipo tayari kwa maswali.